Bamba la Matundu Manne

Mwanangu Elie, weka hiyo tupa chini kwanza. Iweke mezani, hapo karibu na sahani ya sombe, na hilo bamba uliweke kando yake. Sitakunyang'anya. Mimi si askari wako, na wewe si mtoto tena, ndevu zimeshatoka. Lakini utakaa kwenye kiti hicho mpaka nimalize, na simu yako utaigeuza kifudifudi, kwa sababu leo tantine wako Furaha amekasirika, na unajua mimi nikikasirika kweli naongea polepole.

Jumapili baada ya ibada mlikuwa mmesimama nje ya kanisa, wewe na wenzako, mmeegemea gari langu. Mlidhani sisikii kwa sababu mlikuwa mnaongea Kiingereza chenu cha puani. Nilisikia. Mmoja alikuuliza kama ni kweli baba yako aliwahi kuendesha magari ya mashindano kule Buffalo. Ukacheka. Ukasema ndiyo, lakini aliingiwa na woga, akaacha. Wewe huna woga, ukasema. Halafu ukatoa hilo bamba la gari lako la mashindano mfukoni kama mtu anayetoa peremende, ukawauliza ni mzee gani mpumbavu aliyebuni takataka hii ya kuwabana vijana pumzi, ukasema utayapanua matundu yake kwa tupa, kidogo tu, kidogo sana, hata mkaguzi hataona.

Bon. Nimekaa na maneno hayo tumboni wiki nzima. Kazini nimemvisha bibi mmoja sweta kinyumenyume, maskini. Nikasema hapana, mtoto huyu lazima ajue, kwa sababu amemtukana baba yake bila kujua, na zaidi ya baba yake amemtukana mtu mwingine ambaye sasa hivi yuko chumba cha pili anasikiliza redio.

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, miaka ile tulipokuwa bado Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa kijana, wewe. Usinitazame hivyo. Nilikuwa na kiuno na nilikuwa na meno yote. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi si muda mrefu: mimi, baba yako Bahati ambaye ni mdogo wangu, mama yako, wewe mwenyewe ukiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na Koko wako, mama yangu mzazi. Nyumba ilikuwa ya mbao, ngazi zinalia, majirani wazuri.

Baba yako alipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha Tonawanda. Alikuwa amejifunza ufundi wa magari Uvira, kwenye gereji ya chini ya bati, na mikono yake ilikuwa haijasahau. Pale kiwandani akakutana na mzee mmoja Mzungu, jina lake Walt, mtu mfupi mwenye sauti ya mkwaruzo, ambaye tangu ujana wake alikuwa akishindana na magari. Si yale magari membamba ya kwenye televisheni yanayofanana na ndege. Haya ni magari ya kawaida ya watu, yametolewa viti, milango imechomelewa, yanazunguka uwanja wa mviringo mpaka mtu unapata kizunguzungu. Walt alimchukua baba yako kumsaidia mwisho wa juma. Baadaye akamwachia usukani. Na baba yako, mwanangu, aliweza. Nasema hivyo ingawa mwenyewe hatakuambia. Kulikuwa na watu wanaokuja uwanjani kumtazama yeye, na wanashindwa kulitamka jina lake, wanaliita hivi na vile, lakini wanalishangilia.

Walt alikuwa akija kula kwetu. Fufu, ugali wetu wa muhogo, ilimshinda, lakini samaki hakumwacha hata na jicho. Siku moja mezani baba yako alimuuliza kwa nini kwenye yale mashindano makubwa ya kusini, yanayoonyeshwa kwenye televisheni, injini za magari kwenye viwanja vile vikubwa zaidi zinawekewa bamba la chuma lenye matundu manne, chini ya kabureta, ili zisivute hewa yote zinayotaka. Swali lako hilihili la Jumapili, ila yeye aliuliza kwa adabu.

Walt akaweka kijiko chini. Akasimulia kwamba zamani kampuni za magari zilikuwa zikishindana nani ana injini kubwa kuliko mwenzake, na mwendo ukawa unapanda kila mwaka mpaka tairi zikashindwa kustahimili. Wakuu wakaleta bamba. Baadaye wakaliondoa, wakapunguza ukubwa wa injini, wakadhani yamekwisha. Mafundi si wajinga, wakaitoa nguvu ileile kwenye injini ndogo, mwendo ukapanda tena, watu wakashangilia tena. Mpaka siku moja tairi la gari moja likapasuka, gari likageuka, likaingiwa na upepo chini, likapaa. Likaupiga wavu uliokuwa mbele ya watazamaji, likaurarua. Walioumia walikuwa watu waliokaa. Dereva alitoka mzima, akaenda kwa miguu yake. Baada ya hapo ndipo bamba likarudi.

Koko wako hakuelewa Kiingereza, baba yako akawa anamtafsiria neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza waliokaa waliitwa nani. Walt akafikiri, akakuna kichwa, akasema hajui. Jina la dereva alilijua, na aina ya gari, na rangi yake. Majina ya waliokaa hakuyajua. Koko akasema aah, akaendelea kuchambua mchele. Mimi nililisikia swali hilo na sikulitia maanani.

Sasa, uwanja wa kwetu ulikuwa nje ya mji, katikati ya mashamba ya mahindi. Mwenyewe tulimwita Patron. Jina lake silitaji, sitaki kulichafulia meza yangu. Patron alikuwa na kofia pana na kicheko kikubwa, na alipenda jambo moja, uwanja ujae. Kwa hiyo alianzisha siku za injini huru. Mtu alete injini yoyote, kubwa atakavyo, hakuna atakayemuuliza. Wavu wa pale ulijengwa enzi ambazo magari yale yalikuwa na nguvu ya trekta, nguzo zake zimeota kutu chini. Walt alisimama kwenye mkutano wa madereva, mara kwa mara alisimama, akasema tuweke bamba kama kule kusini kabla hatujapata msiba. Patron alimwambia hakuna anayetoka nyumbani kwake kuja kutazama magari yakitembea. Wakacheka wote. Baba yako aliniambia na yeye alicheka kidogo, kwa sababu alikuwa kijana na wengine wanacheka.

Halafu wakaja wageni. Baba mkubwa Zakaria, kaka mkubwa wa marehemu babu yako, mzee wa kanisa kule Louisville, alikuja na gari zima la watu. Njiani alipitia hapa Columbus akachukua wamama wa kwaya. Walikuja kwa sherehe ya shukrani, kwamba familia imefika salama na imepata kazi. Tulishona sare, kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, wote, hata watoto. Na Baba mkubwa alikuwa ameshasikia kwamba Bahati anacheza na magari, naye alikuwa amesema kwenye simu kwamba hiyo ni kazi ya wahuni. Sasa anakuja kuona kwa macho yake.

Hapo ndipo baba yako alipoteleza, na nitakusimulia bila kumpaka mafuta. Rafiki mmoja wa Patron alikuwa na gari lenye injini kubwa kuliko zote za pale. Akamwambia baba yako, Jumamosi endesha hili, wageni wako wakuone. Walt alikataa kabisa. Alisema gari lile halifai uwanja ule, na kwamba Bahati akilipanda asivae fulana yenye namba yake. Baba yako alilala na hayo moyoni, na asubuhi akaenda bila fulana ya Walt. Alitaka Baba mkubwa amwone akiwa wa kwanza. Ukimuuliza leo atakuambia hivyohivyo, na atatazama chini.

Tukaenda. Wewe ulikuwa na homa, mama yako akabaki na wewe nyumbani, na Mungu asifiwe kwa homa hiyo. Tulifika uwanjani sisi wa manjano, tunang'aa kama shamba la alizeti, kila mtu anageuka. Na tukaona jambo lililotufurahisha mno. Wazungu wote walikuwa wamekaa juu, huko nyuma kabisa, wamebanana na mablanketi yao, na safu ya mbele yote ilikuwa tupu. Baba mkubwa akasimama, akaguswa moyo. Akasema tazameni watu hawa walivyo na heshima, wametuachia mbele.

Cheka tu, Elie, hata mimi ningecheka kama si mimi. Lakini wewe unajua kwetu kulivyo. Mgeni anakaa mbele. Mama wa bwana harusi anakaa mbele. Mzazi wa mtoto anayesifiwa, ukimweka nyuma umemtukana, na watu wataondoka na sahani zimejaa. Tungejuaje kwamba hapa kwenye mashindano anayejua anakaa juu, na mbele pameachiwa vumbi na vipande vya tairi? Niliuliza. Nataka ulisikie hilo vizuri kwa sababu baadaye lilikanushwa. Nilimuuliza kijana wa getini, kwa Kiingereza changu kilekile, kama tunaweza kukaa pale. Akatabasamu, akasema popote mnapopenda. Hapakuwa na kamba wala kibao. Palikuwa na viti, vimepangwa, vimepakwa rangi.

Basi tukamkalisha Koko wako kwenye kiti cha katikati kabisa, kwenye safu ya kwanza, magoti yake karibu yaguse wavu. Baba mkubwa mwenyewe alikipangusa kiti kwa kitambaa chake. Tulimpa nafasi ile kwa heshima, mwanangu, kwa sababu anayeendesha ni mwanawe.

Mashindano yakaanza. Baba yako alikuwa mbele, na kelele ya injini ile ilikuwa inaingia kifuani inapiga mbavu kwa ndani. Wamama wa kwaya walikuwa wameinuka wanapiga vigelegele. Koko hakuinuka, alikuwa anasali, midomo inatembea. Na hata Baba mkubwa, yule wa kazi ya wahuni, alikuwa amesimama juu ya kiti na tai imemgeukia mgongoni.

Walt alinieleza baadaye kwamba lililotokea lilikuwa jambo la kila wiki. Gari la nyuma lilimgusa baba yako mkiani kwenye kona. Kwa mwendo wa zamani gari lingezunguka, lingeingia kwenye nyasi, dereva angetoka anatukana na yangekwisha. Kwa mwendo ule halikuzunguka, lilipanda. Nililiona tumbo la gari, Elie, chini yake, mabomba na vyuma, juu ya kichwa changu. Likaupiga wavu. Wavu ulishika gari, nawapa haki yao, lakini nguzo yenye kutu iling'oka chini na ikaangukia safu ya mbele.

Sitasimulia kelele. Nitasema tu kwamba vumbi lilipotulia, Baba mkubwa Zakaria alikuwa ameishika ile nguzo kwa mikono mitupu, mzee wa umri ule, anaiinua peke yake, na chini yake ulikuwa mguu wa mama yangu.

Na baba yako? Alitoka kwenye dirisha la gari, mzima, hana hata mkwaruzo. Watu wote walikuwa wamesimama, naye alidhani wamesimama kwa ajili yake. Akavua kofia ya chuma. Akainua mkono akapunga. Halafu akaona kitenge cha manjano kimelala chini, na mkono wake ukabaki juu, alisahau kuushusha. Nimeyaona mengi, nimepita njia ya msituni na maiti pembeni, lakini mkono ule wa mdogo wangu uliobaki juu sijaweza kuutoa machoni.

Hospitali walifanya walichoweza. Muuguzi mmoja alisoma tunakotoka, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, Kongo, vita. Mguu wenyewe umevunjika jioni hiyohiyo, damu haijakauka, na yeye anasema vita!

Siku chache baadaye akaja Patron na maua. Hospitali wakatupa mkalimani kwa simu, mwanamke mmoja wa Tanzania mwenye Kiswahili kizuri cha kusomea taarifa ya habari. Patron akakaa, kofia magotini. Akasema anasikitika mno, amekuwa akituombea. Kisha akasema kwamba kila mtu anayeujua mchezo huu anajua safu za mbele si za kukaa, na kwamba ni bahati mbaya sisi hatukuuliza. Nikataka kuinuka. Mama akanishika mkono. Akajiweka sawa kwenye mto, akaongea na ile simu kama anaongea na mtu aliye mbele yake.

"Mwambie asante kwa maua. Halafu umuulize kile kiti ni nani alikiweka pale."

Mkalimani akatafsiri. Patron akavaa kofia. Akasema atarudi siku nyingine. Hakurudi mpaka leo.

Lakini alimtafuta baba yako. Alimkuta kwenye maegesho ya kiwanda, akamwekea mkono begani. Akamwambia kutakuwa na mkutano wa madereva, na watu wa nje watakuwepo kuuliza maswali. Alichotaka ni kidogo tu, Bahati aseme kwamba mama yake alionywa asikae pale na kwamba kwa lugha hakuelewa. Nani atakayebisha, si ni wakimbizi hawa? Akifanya hivyo, gari lile litatengenezwa na litakuwa lake kuliendesha msimu mzima, na mwingine baada ya huo. Baba yako alikuja nyumbani akaniambia yote, amekaa kwenye ngazi, viatu vya kazi bado miguuni. Alikuwa anayapenda yale magari kuliko chakula. Na kule kiwandani alikuwa mtu wa kubeba vyuma tu. Uwanjani ndipo mahali pekee katika nchi hii palipokuwa na watu wanaojua kwamba yupo.

Mimi nilimfokea. Nilimwambia akisema uongo ule asikanyage tena nyumba ya mama. Koko alinisikia kutoka kitandani, maana alikuwa amesharudi nyumbani, akaniambia ninyamaze huko. Kisha akamwita yeye. Sikuruhusiwa kuingia. Waliongea kidogo tu. Baba yako alipotoka alikuwa amenawa uso.

Nilienda naye kwenye mkutano ule. Ukumbi ulikuwa wa bati, unanuka kahawa na petroli. Patron akasimama mbele, ameshika bamba, kama hilo hapo mezani, matundu manne, linameremeta. Akasema kuanzia wiki ile kila gari litawekewa bamba hilo, kwa sababu yeye siku zote ameweka usalama wa familia mbele. Siku zote! Mwanangu, watu walipiga makofi. Walewale waliomcheka Walt walipiga makofi, na Patron akainamisha kichwa kama mtu aliyeombewa. Niliona giza. Niliona mtu anavaa mguu wa mama yangu kama nishani.

Kisha akasema, kwa upole, kwamba yule bibi alionywa, na Bahati yupo hapa atawaeleza.

Baba yako akasimama. Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani, kifupi, hakina maua. Alisema hakuna aliyemwonya mama. Dada yake aliuliza, akaambiwa popote. Kisha akasema maneno ambayo hakuna mtu alimwomba aseme.

"Injini ilikuwa kubwa. Mimi nilijua, Walt aliniambia, na nyinyi wote mlijua."

Hakuna aliyepiga makofi. Akaweka glavu zake juu ya meza ya Patron, akatoka. Madereva wawili watatu walimzomea alipokuwa akipita, kwa sababu amewaharibia mchezo. Hakurudi tena kwenye uwanja wowote. Huo ndio woga wa baba yako, Elie. Ndio ulioucheka ukiwa umeegemea gari langu.

Nilikuwa bado nimekaa, Walt akaja kando yangu. Akaniuliza, taratibu, jina la mama yangu linatamkwaje. Nikamwambia, Nabintu. Akalirudia, akakosea, nikamsahihisha, akakosea tena. Akasimama, akavua kofia, akaliambia lile kundi kwamba sheria hii wanayoipigia makofi ina mwenyewe, na mwenyewe ni Mama Nabintu. Alilitamka vibaya. Lakini majina ya walioumia kule kusini hakuna hata aliyeyakosea, kwa sababu hakuna aliyeyajua.

Juma lililofuata viti vya mbele viling'olewa, vyote. Kazi ya mchana mmoja, watu wachache na spana. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo nikikaa peke yangu. Walikuwa na spana tangu zamani. Bamba lilikuwa dukani tangu zamani, na Walt alikuwa amesema mpaka koo likakauka. Walikuwa wanangoja nini? Walikuwa wanangoja mtu aumie, tena mtu wa kuvunjika bila kuwasumbua sana, na sisi tukaja tumevaa manjano tukakaa mbele.

Baadaye tukahamia huku Columbus, kwa sababu Koko hakuweza tena ngazi zile na baridi ya Buffalo ilikuwa inaingia kwenye chuma walichomwekea mguuni hospitalini. Huku kanisani wakamwona anachechemea, na watu wakasema wenyewe, ni vita hiyo, maskini. Nilitaka kuwasahihisha. Alinikataza. Alisema wakidhani ni vita, hakuna atakayemuuliza Bahati. Kwa hiyo na wewe ukakua ukiambiwa kwamba mguu wa Koko ulivunjika vitani. Uongo, mwanangu. Vitani alitoka na miguu yake miwili. Alivuka ziwa nayo, akasimama nayo kwenye foleni za maji kambini miaka na miaka, akapanda nayo ndege, na akavunjikia hapa, kwenye burudani ya Jumamosi, kwenye kiti alichopangusiwa kwa kitambaa.

Jana nilimwomba ruhusa nikuambie. Nilimweleza habari ya tupa. Alipunguza sauti ya redio. Halafu akasema, "Mwambie. Lakini usimpigie kelele." Unaona najitahidi.

Donc nasaha yangu ni hii, na uishike. Sikukatazi kuendesha. Baba yako hakukatazi pia, ndiyo maana amekulipia ile kofia ya chuma na hakusema neno. Endesha. Lakini ukikuta mahali sheria inayokubana, usianze kwa kuuliza ni mpumbavu gani aliyeibuni. Uliza nani aliumia kabla haijakuwepo. Tafuta jina lake, na kama hakuna anayelijua, kasirika, kasirika vizuri, kwa sababu hapo pana mtu amefukiwa. Na ukiwa na neno la kweli ambalo litakugharimu kitu unachokipenda, fanya kama baba yako, liseme kwa Kiingereza ulicho nacho, uweke glavu mezani, utoke. Mtu wa namna hiyo haitwi mwoga mbele ya vijana. Leo jioni akirudi kazini utamwomba msamaha, na utamwomba kwa Kiswahili.

Mungu akupe macho ya kumwona aliyekaa, hata ukiwa katikati ya mwendo. Akupe kufika, na anayekungoja akukute mzima, nawe umkute mzima. Magurudumu yako yashike njia, na mkono wako, siku utakapoupunga kwa furaha, usibaki hewani.

Sasa inuka. Tupa iache hapohapo. Chukua bamba uende nalo chumba cha pili, ubishe hodi kwanza, sauti ya redio iko juu. Piga goti, umpe alishike. Miaka yote hii, mwanangu, watu wanaapa na kutukana juu ya kipande hicho cha chuma kila Jumamosi, na Koko wako hajawahi kukishika mkononi.